Pengo la Baba Mdogo

Usiku wa jana niliota magoti yangu yameondoka nyumbani bila kuaga.

Sikushtuka. Nililala tu chali nikayaona yanatoka mlangoni, moja nyuma ya jingine, kama mbuzi wanaoijua njia. La kushoto likasimama kizingitini.

"Kanisius, sisi tunatangulia uwanjani. Ukimaliza kuwaza utatukuta."

"Sasa mi nitatembeaje?"

"Tumia viwiko," likajibu, likaenda zake.

Kabla sijafika mbali niseme kidogo, maana nikianza na magoti tu mtadhani nililala njaa. Mi nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani Lihandu, huku Nyasa, nasubiri kuitwa chuo cha ufundi. Kusubiri kumenichosha kuliko kusoma. Kila basi likipita barabarani mi nasimama, halafu nakaa.

Nyumbani tuko wawili, mimi na Mama Mdogo Benadeta. Mumewe, Baba Mdogo Longino, ndiye aliyenilea tangu baba mzazi alipokwenda Tunduru kutafuta madini akanogewa huko. Baba Mdogo alifariki masika yaliyopita. Moyo tu. Alikuwa analima, akakaa chini apumzike, basi.

Sasa, kwetu ngoma ya wanaume ni mganda. Mnavaa nyeupe tupu, kaptula imepigwa pasi mpaka inataka kusimama yenyewe, soksi ndefu, mnajipanga mistari kama askari, na Kapteni wenu ana filimbi. Mkononi kila mtu ana lipenga lake, yaani kibuyu unachovumia ndani kwa mdomo. Ubavuni kina tundu, na kwenye tundu panawambwa utando wa buibui. Ule utando ndio unaotetema. Bila utando una kibuyu tu, nenda kachote maji.

Na kwetu Lihandu mchezaji akifa, mstari hausogei. Nafasi yake inaachwa wazi kiangazi kizima. Watu wanacheza wanalizunguka lile pengo, wanalikwepa bega, kana kwamba mtu yupo. Akitokea mtu wa nyumba yake akasimama pale na mjongeo wa marehemu, yule wake hasa aliojulikana nao, nafasi inakuwa yake. Asipotokea, ngoma ya mwisho ya kiangazi ikiisha Kapteni anapuliza filimbi, mstari unasogea, pengo linazibwa. Wazee wanasema hapo ndipo mtu amezikwa kweli.

Ngoma ya mwisho ni Jumamosi hii, tunacheza na kijiji cha jirani, Ngolomi.

Baba Mdogo alikuwa mstari wa mbele, mwisho, mkono wa kulia. Alikuwa na geuzo lake. Lihandu nzima inalikumbuka lile geuzo na hakuna hata mmoja anayeweza kulionyesha. Muulize yeyote. Atasimama, atanyanyua mkono, ataanza, "Alikuwa anafanya hivi... anakuja hivi..." halafu anacheka peke yake. "Aa, yule bwana!" Basi, somo limeisha. Mi mwenyewe nimeliona tangu sijaanza shule, na nikijaribu nakuwa kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Juzi mazoezini Kapteni Egino aliniambia mbele ya watu wote, "Dogo, hilo si geuzo. Hilo ni mtu anatafuta choo."

Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Mi nikacheka pia, nifanyeje.

Na lipenga lake nalo limekufa. Utando ulipasuka wakati wa msiba, watu wakipitapita. Kapteni Egino akasaidia, akabandika kipande cha nailoni ya mkate. "Buibui wa siku hizi wavivu," akasema. Tangu hapo ukivumia unasikia nzi kwenye chupa.

Mama Mdogo naye? Tangu msiba hajakanyaga uwanjani. Sisi tukianza mazoezi tu kule chini, yeye huku anachukua ufagio, anafagia mbele ya nyumba, hata kama alishafagia asubuhi.

Haya. Turudi kwenye ndoto.

Natoka nje kwa viwiko. Nje si nje. Nje ni darasa la sita, shule ileile ya msingi, na Madam Skolastika anafundisha Haiba na Michezo. Kashika chaki ndefu kama mwiko wa ugali.

"Kanisius, umechelewa."

"Shikamoo madam. Magoti yangu yalitangulia."

"Marahaba. Nimeyaona. Yalipita hapa, yakajibu swali, yakaondoka. Wewe je?"

Nakaa. Dawati ni lilelile la zamani na mimi nina masharubu, kwa hiyo mbao zinanibana mbavu. Hakuna anayeshangaa. Ubaoni ameandika: MWILI. NAFASI. WAKATI. NGUVU. Chini yake kuna neno la tano, lakini limefutwa, limebaki vumbi jeupe.

"Madam, hilo la tano ni lipi?"

"Nilifundisha siku unaumwa surua."

"Si uniambie tu sasa hivi."

"Sasa hivi huumwi," anasema, kana kwamba amejibu. "Mjongeo wowote una vitu hivi vitano. Kikikosekana kimoja hapo hatuna mjongeo, tuna mtu anayeanguka. Tuanze na mwili. Kanisius, lete mwili."

Naangalia. Mwili sina. Darasa zima wamegawana. Mkono wangu wa kulia anao Batlomeo wa dawati la nyuma, anaupigia mstari kwenye daftari kama rula. Mgongo umeegeshwa dirishani. Kifundo cha mguu kimezunguka mpaka kimefika kwa wasichana.

"Kila kiungo kijitambulishe," anasema madam.

"Bega," linasema bega. "Napanda, nashuka. Sina la zaidi."

"Kiuno. Mi naulizwa sana lakini nasingiziwa."

"Nyayo. Tunachoka."

"Shingo," inasema shingo yangu, taratibu, kama mzee kwenye kikao. "Kwenye geuzo mimi ndiye ninayeanza. Hao wengine wananifuata. Ila wakisifiwa hawanitaji."

"Muongo huyo!" linasema bega.

"Nyamazeni," anasema madam. "Kuna mgeni."

Kweli, mlango unagongwa. Anaingia mtu ambaye hayupo.

Yaani sijui nieleze vipi. Ni umbo la mtu na ndani hamna mtu. Unaona mlingoti wa bendera kupitia kifuani pake. Lakini mabega yale nayajua, la kushoto limeshuka kidogo kwa sababu ya kubeba jembe. Tumbo lile nalijua. Nililala juu yake nikiwa mdogo.

"Simameni," anasema madam. Darasa linasimama. "Shikamoo Pengo!"

"Marahaba. Kaeni." Linanigeukia. "Mi ni pengo la baba yako mdogo. Nimesimama pale uwanjani tangu mvua ziishe, watoto wananipita katikati, mbuzi wananipita katikati. Navumilia. Lakini Jumamosi wananiziba."

"Najua," nasema.

"Unajua halafu umelala."

"Sijalala. Niko darasani."

Linaniangalia, kama pengo linaweza kuangalia. "Ingia nikupime."

Naingia. Ndani pana harufu ya sabuni ya mche na ya pasi ya mkaa, ile saa anapuliza majivu yasidondoke kwenye kaptula. Kila siku ya ngoma ilikuwa hivyo. Mi nashika soksi zake, nimezikunja kama mayai mawili, yeye anapiga pasi na anaimba sauti ya pili tu. Sauti ya kwanza alikuwa anasema ataikuta uwanjani. Kisha ananipandisha mabegani tunashuka, ananikalisha juu ya matofali. Palikuwa na lundo la matofali ya kuchoma pale kona ya uwanja, ya kujengea kanisa, yakakaa miaka hayajengi chochote. Ile ndiyo ilikuwa nafasi yangu. "Kaa hapa, usishuke," anasema, kisha anaenda kuwa mtu mwingine, mweupe, mrefu.

"Unapwaya," linasema Pengo.

Kweli napwaya. Pale tumboni imebaki nafasi ya kulaza kuku na vifaranga.

"Nitakula," nasema. "Mpaka Jumamosi naweza nikanenepa kidogo."

"Si suala la ugali, mwanangu. Hapo alikuwa anaweka kicheko."

Batlomeo ananirudishia mkono, kaandika juu yake jina lake.

"Tuendelee," anasema madam. "Nafasi. Kanisius, mjongeo unaweza kuwa juu, kati au chini. Wewe uko wapi?"

"Juu," nasema, nabahatisha tu.

Sijafunga mdomo niko juu ya bati la nyumba yetu. Pengo nalo lipo, limekaa pembeni, linaning'iniza miguu ambayo haipo. Na pale kwenye kona ya paa kuna buibui mkubwa kama sufuria ya wali wa sherehe. Anafuma soksi.

"Habari za kazi," namwambia.

"Kazi gani? Mi nilikuwa na kazi. Ikaja nailoni."

"Si mimi niliyeweka, bwana. Ni Kapteni Egino."

"Nani kauliza ni nani? Nimetoka asubuhi kwenda kuangalia utando wangu, nakuta mfuko wa mkate. Umeandikwa na tarehe ya kuharibika." Anavuta uzi kwa hasira. "Utando wangu una tarehe ya kuharibika?"

"Hauna."

"Asante."

Namwacha apoe. Buibui akinuna ananuna na miguu yote. Kisha nasema, "Wewe umekaa huku juu miaka. Si ulikuwa unaliona geuzo la Baba Mdogo? Nionyeshe."

"Kwa juu mtu ni kichwa na mabega tu. Sioni hayo mengine mnayoyasifia."

"Hayohayo ya kwako basi."

Buibui anachora hewani kwa uzi. Mstari mnyoofu, kisha nusu duara, kisha uzi unasimama, kisha unarudi ulikotoka. Unang'aa. "Anakuja hivi. Anafika hapa. Anasimama. Kichwa kinaelekea upande wa matofali. Anarudi. Kila siku hivyohivyo."

"Upande wa matofali kuna nini?"

"Kwa juu? Matofali."

Pengo linacheka. Nasikia kabisa, kicheko kinatoka pale tumboni ninapopwaya.

"Unacheka nini?" nauliza.

"Endelea," linasema. "Unakaribia, ila bado mjinga."

"Kijana," anasema buibui, "ukilipata hilo geuzo nitarudi kazini. Ukilikosa mtavumia mifuko ya mkate mpaka mwisho wa dunia. Haya, juu kumekwisha. Jaribu chini."

Bati linafunguka kama kurasa za gazeti, naanguka. Naanguka muda mrefu kiasi, napita dari, napita kitanda, naingia kwenye boksi lililoko chini ya kitanda. Nalijua boksi lile. Mama Mdogo alilifunga kwa kamba ya katani siku ya arobaini, hakulifungua tena. Ndani mna raba nyeupe za Baba Mdogo, na zinagombana.

"Mimi ndiye niliyefanya kazi!" inasema ya kulia. "Alikuwa ananikanyagia mimi kila kitu. Palizi, mbolea, paa linavuja, mtoto kapata sufuri ya hesabu. Kila Jumamosi ananishusha navyo vyote, puu! Vumbi linatoka mpaka Ngolomi."

"Sasa si uliumia tu," inasema ya kushoto. "Mimi alikuwa ananigusisha chini kama mtu anapita karibu na mtoto aliyelala. Unajua ilivyo ngumu, kumgusisha mtu mzito vile?"

"Wewe hata soli haijaisha!"

"Ndiyo sifa yenyewe!"

"Jamani," nasema. "Shikamooni."

Zinanyamaza. "Huyu ndiye aliyepata sufuri ya hesabu," inanong'ona ya kulia.

"Nilikuwa darasa la nne."

"Vaa," zinasema zote mbili.

Navaa. Na hapo ndipo naelewa madam alichokuwa anaita nguvu. Mguu wa kulia unazama kwenye udongo mpaka kifundoni. Wa kushoto unapanda wenyewe kama moshi wa jikoni. Natembea hivyo, huku nazama huku napaa, na Pengo limenishika kiwiko tusiachane. Tunapita kisimani, akina mama wanatusalimia kama kawaida. Mmoja anasema, "Kanisius amekua." Mwenzake anasema, "Upande mmoja tu."

Sasa tuko uwanjani.

Wote wapo. Mistari imenyooka, nyeupe, kaptula zimesimama, nyingine hazina watu ndani na zimesimama vilevile. Kapteni Egino yuko mbele na kichwa chake ni filimbi. Si kwamba ana filimbi mdomoni. Kichwa chenyewe.

"Piii," ananiambia.

"Najua, Kapteni."

"Pi-pi piii!"

"Sitafuti choo, nimekwambia. Nimekuja kusimama."

Ananinyooshea kidole mwisho, mkono wa kulia. Pengo linakwenda kusimama pale kama mtu anayeingia nyumbani kwake. Mi nabaki nje. Sina haki ya kuingia, geuzo sina.

Katikati kuna ile ngoma kubwa. Imelala ubavu karibu na moto, inapasha ngozi.

"Shikamoo, ngoma."

"Marahaba mjukuu. Madam wako ananiita wakati. Mi siringi, lakini ni kweli. Nikichapuka hivi," inajidunda haraka, na mtoto mmoja aliyekuwa ananyonya anaota ndevu. "Nikipunguza hivi," na vumbi linakaa hewani linafikiria kama lishuke. "Unataka nini?"

"Nataka turudi."

"Wapi?"

"Pale nilipokuwa nakaa."

Ngoma inanusa moto. "Watu wote wanataka hiyo," inasema. "Wewe angalau umeomba vizuri." Inaanza kudunda kinyumenyume. Siwezi kuieleza sauti ile, ni kama mtu anavuta maneno yake na kuyameza. Mvi za wazee zinarudi nyeusi. Kapteni Egino anapungua kitambi na kichwa chake kinaanza kuwa cha mtu. Paa jipya la kanisa kule mlimani linajivua bati kwa bati, na matofali yanashuka yenyewe kilimani kwa mstari, yana nidhamu, yanakuja kujipanga kona ya uwanja. Lundo langu. Na lile bovu la juu kabisa nililokuwa nalikalia, lenye alama ya kwato za mbuzi aliyepita likiwa bichi, linakuja la mwisho, linapanda juu ya wenzake.

Na Pengo linaanza kujaa.

Linajaa kuanzia chini kama debe la maji. Raba zinanitoka miguuni, zinakwenda kwa mwenyewe. Soksi. Kaptula na mkunjo wake. Tumbo. Kifua. Bega la kulia, bega la kushoto, lile lililoshuka. Linafika shingoni.

Ngoma inanyamaza.

Kila kitu kinasimama. Kuku aliyeruka anabaki hewani, mabawa wazi, uso wa kuku asiyejali. Filimbi imekatika katikati. Moshi umesimama kama mti. Mi mwenyewe sipumui, na hakiniumi kitu.

Kwenye kile kimya kitu kimoja tu kinajongea. Baba Mdogo.

Shingo inaanza. Kama ilivyosema. Kisha bega linafuata, kisha kiuno, mguu wa kulia umeshuka na uzito wake wote na ule wa kushoto unagusa tu, unachora nusu duara, na lipenga liko mdomoni lakini halivumi. Anageuka mpaka uso wake unatazama kona ya uwanja.

Anatazama matofali.

Na mi niko juu ya matofali. Sijui nimefikaje. Miguu inaning'inia, haifiki chini. Nina kaptula ya shule iliyopasuka. Na magoti yangu yapo. Yale yaliyoondoka nyumbani bila kuaga, yamekaa pale, madogo, yana vumbi jekundu, la kulia lina kovu la baiskeli.

"Tulikwambia tunatangulia," linasema la kushoto.

Baba Mdogo ananyanyua nyusi moja.

Basi. Hiyo tu. Nyusi moja juu, kama anauliza: upo?

Nami naitikia kwa kichwa: nipo.

Nakumbuka sasa kwamba tulikuwa tunafanya hivyo kila mara. Kila mara! Ngoma ikikata, wanaume wote wanasimama kama sanamu, yeye anageuka kuangalia kama sijashuka kwenye matofali nikapotea. Watu wanashangilia, mi nilikuwa nadhani wanashangilia ngoma. Sikuwahi kujua kwamba lile ndilo geuzo. Mi nilikuwa naona Baba Mdogo ananiangalia, basi.

Na wao walikuwa wanaliona lakini hawakuweza kuliiga, maana waligeuka tu. Hakuna mtu waliyekuwa wanamtafuta.

Madam Skolastika yuko pembeni ya lundo, ana chaki yake. "Surua imepona?"

"Imepona, madam."

Anaandika kwenye tofali, herufi kubwa: NA NANI. "Kitabuni wameandika mahusiano," anasema. "Mi nafundisha hivi. Mwili, nafasi, wakati, nguvu, na nani."

"Baba Mdogo!" naita. Kimya bado kipo, najua hakitakaa. "Baba Mdogo, Jumamosi mi nikisimama hapo, nikageuka, nitamwangalia nani? Matofali yenyewe walishayabeba. Hapa kona hamna mtu."

Anaondoa lipenga mdomoni. Anacheka, na tumbo linajaa pale palipokuwa panapwaya.

"Kani, wewe," anasema. "Kila kitu mpaka uonyeshwe. Kwani nyumbani umemwacha nani?"

Puu! Ngoma ikapiga.

Nikaamka.

Kumekucha. Nje nasikia ufagio, hwaa, hwaa, Mama Mdogo anafagia. Nikakaa kitandani kwanza nikaangalia ukuta kama mjinga. Lipenga la Baba Mdogo limening'inia kwenye msumari wake kama siku zote. Chini yake, sakafuni, kuna kitu kimejikunja. Nikaokota. Nailoni ya mkate.

Nikanyanyua macho. Kwenye lile tundu la ubavuni kuna utando. Mdogo, mweupe, umewambwa barabara, hauna hata tobo.

Sikuugusa. Nilishusha lipenga polepole, nikalipeleka mdomoni, nikavumia sauti ya pili, ile aliyokuwa anaimba akipiga pasi.

Lilitetema. Aise, lilitetema mpaka meno. Ile sauti yake yenyewe.

Nje ufagio ukasimama.

Kukawa kimya, nyumba nzima. Nami nilikuwa nimeupa mlango mgongo. Shingo ikaanza. Bega likafuata, kisha kiuno, mguu wa kulia nikaushusha, wa kushoto nikaugusisha tu. Nikageuka mpaka mlangoni.

Mama Mdogo alikuwa amesimama kizingitini na ufagio mkononi. Nikamnyanyulia nyusi moja.

Akaushika ufagio kwa mikono miwili.

"Nipo," akasema.

Akaegesha ufagio ukutani, akajifuta uso na pembe ya kanga. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anauliza chumvi imebaki kiasi gani, "Sasa Jumamosi mi nitakaa upande gani?"

"Ile kona ya matofali, Mama Mdogo. Mkono wa kulia."

"Matofali si walishayabeba kanisani."

"Walishayabeba."

"Basi nitakwenda na kigoda changu." Akaanza kuondoka, akarudi nusu hatua. "Na uoge kabla hujafungua lile boksi, zile raba ni nyeupe. Ona magoti hayo. Ulikuwa umelala wapi wewe?"

Nikainama kuangalia. Yote mawili yalikuwa mekundu, vumbi la tofali.